Mtoto na Sauti za Herufi

Wazazi wengi hufurahi wamsikiapo mtoto akighani alifu, bee, tee bila ya kusita, wakadhani ya kuwa sasa ajua kusoma. Mwonyeshe basi herufi moja iliyo katikati ya ukurasa, umwulize ni ipi. Akianza tena tangu alifu mpaka aifikie, ujue kuwa bado hasomi. Alichohifadhi ni wimbo.

Kosa si lake, wala hapana haja ya bakora, ijapokuwa wako walimu wenzetu waonao vingine. Jina la herufi ni kitu kimoja, na sauti yake ni kitu kingine. Katika Kurani yenyewe majina ya herufi husomwa mwanzoni mwa sura 29 tu, kama vile Alif Lam Mim. Kwingineko kote kisomwacho ni sauti. Kwa hiyo walimu wa zamani wakaweka hijai: bee fataha ba, bee kasra bi, bee dhumma bu. Tazama, jina hutangulia, alama hufuata, na sauti huja mwisho. Mtoto yampasa aifikie hiyo ya mwisho, asisimame njiani.

Kwa herufi za Kizungu mambo ni yayo hayo. Ajuaye majina tu, akilikuta neno «baba», husema «bii, a, bii, a», na hayo hayafanyi baba. Lakini Kiswahili chetu kimetupunguzia taabu: irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyogeuka, sivyo kama Kiingereza. Anza na hizo. Kisha twaa m, mfundishe kuitamka kwa midomo iliyofumbwa, si «em», mpate kuunganisha: ma, me, mi, mo, mu. Hapo aweza kusoma mama na mimi pasi na kuambiwa. Ch, sh, dh na ny zingoje. Kila moja ni sauti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili, na mtoto azikutaye mapema husoma s mbali na h mbali.

Huko Uingereza, tangu mwaka 2012, watoto wa miaka 5 na 6 hupimwa kwa maneno 40, na 20 katika hayo ni ya kubuni, yasiyo na maana yoyote. Sababu yake ni kuwa neno ambalo mtoto hajapata kulisikia hawezi kulitoa kichwani. Hana budi alisome. Mama naye aweza kufanya vivyo hivyo nyumbani kwa chaki na ubao: aandike «mefu», «sopu», «dalibo». Dakika 10 baada ya Alasiri zatosha. Mtoto akilisoma «dalibo», kisha akacheka na kuuliza ni mdudu gani huyo, basi siku hiyo mpe kitabu.