Makabwela wa Roma Walipouhama Mji

Habari za ukubwa wa Roma zimeandikwa sana, na takriban zote ni habari za majemadari. Leo twapenda kuwakumbusha ndugu wasomaji habari za wale waliobeba ngao, kwani wao ndio waliowafundisha wakubwa wao maana ya uongozi.

Warumi walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 K.K. Lakini uhuru ule ulikuwa wa makabaila. Wao ndio waliokaa katika Baraza la Wazee, na watawala wawili wa kila mwaka walitoka kwao. Kazi ya kabwela ilikuwa kulima na kwenda vitani. Mwanahistoria Titus Livius asimulia juu ya mzee mmoja aliyetokea katika uwanja wa mji, amekonda, nguo zake chafu. Watu wakamtambua: alikuwa akida wa jeshi. Alipokuwa vitani adui waliichoma nyumba yake na kuswaga mifugo yake. Akadaiwa kodi, akakopa, akapoteza shamba la babu yake, na mwisho mdai akamchukua yeye mwenyewe. Kifuani alikuwa na makovu aliyotiwa na adui. Mgongoni alikuwa na alama mbichi za mijeledi, nazo alitiwa na Mrumi mwenzake.

Adui alipokaribia, iliahidiwa kwamba mdaiwa hatafungwa awapo kambini. Watu wakapigana, wakashinda, na ahadi ikasahauliwa. Mwaka 494 K.K. ahadi ilitolewa tena, safari hii na Manius Valerius, mtu waliyemwamini. Baada ya ushindi alilitaka Baraza litimize neno, likakataa. Valerius akajiuzulu. Wakubwa wa namna hiyo ni haba, zamani na sasa.

Ndipo Baraza likaamuru majeshi yatoke tena. Yakatoka kweli, lakini si kumwendea adui. Askari walivuka mto Anio, wakapanda Mlima Mtakatifu, mwendo wa maili tatu kutoka mjini, wakajenga boma na kutulia. Hawakumshambulia mtu, wala hawakuchukua kitu ila chakula cha kuwatosha. Nguvu yao yote ilikuwa katika nidhamu hiyo. Lau wangalipora hata ghala moja, Baraza lingalipata sababu ya kuwaita wanyang'anyi.

Baraza likamtuma Menenius Agrippa, ambaye kwa asili alikuwa mtu wa makabwela. Akawasimulia kisa cha viungo vilivyogoma kulilisha tumbo, hata mwili mzima ukadhoofu. Wakubwa wa kila zama wamekipenda kisa hiki, nasi twajua sababu: ndani yake tumbo haliulizwi limekula kiasi gani. Makabwela walisikiliza kwa adabu, lakini hawakurudi kwa ajili ya hadithi. Walirudi ilipokubaliwa wawe na watetezi wao wenyewe, cheo ambacho kabaila hakuruhusiwa kukishika, na ambao ilikuwa haramu kwa mtu yeyote kuwagusa. Baadaye ikawa desturi kwamba mlango wa mtetezi haufungwi usiku wala mchana. Kifungo cha deni chenyewe kilidumu hata mwaka 326 K.K.

Menenius alifariki mwaka 493 K.K. Hakuacha fedha za kutosha kumzikia. Makabwela wakachanga, kila mtu sarafu ndogo ya shaba, wakamzika.