Simba wa babu ang'ae, lakini thina ikae mbali na mtoto

Asubuhi ya Jumamosi moja, chini ya mwembe katika nyumba moja jijini Tanga, Peugeot 504 ya mwaka 1982 ilikuwa imeegeshwa bila shoo ya mbele. Shoo yenyewe ililazwa juu ya gunia, weusi wake umepauka kama majivu, na nembo ya simba iliyo katikati imebanduka kromu kiasi kwamba watoto wa mtaani walimwita paka.

Gari ni la marehemu babu. Baba wa familia alikuwa ameahidi kwamba litambeba bibi harusi, shangazi wa watoto, mwezi uliofuata. Kijana wake wa miaka 13 alishika msasa kwa furaha.

Kilichoharibu siku ni chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita iliyoachwa kando ya gunia. Ndani yake hamkuwa na maji bali thina. Mtoto wa mwisho, wa miaka mitatu, alitoka ndani na kiu yake, akapiga funda moja. Akakohoa, akalia, mdomo ukanuka rangi.

Bibi alikimbilia maziwa. Baba alitaka kumtia mtoto kidole kooni. Jirani yao, muuguzi mstaafu, ndiye aliyewazuia wote wawili.

“Mama, weka chini hayo maziwa. Na wewe mwanangu, usimtapishe. Tafuteni bajaji.”

Alikuwa sahihi. Thina, kama ilivyo mafuta ya taa na petroli, ni nyepesi na telezi, na hatari yake kubwa haiko tumboni bali mapafuni. Mtoto akitapika, kimiminika hicho hupanda tena na sehemu yake huingia kwenye njia ya hewa. Kiasi kidogo tu kinatosha kuunguza mapafu. Maziwa nayo yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari ajue amekunywa nini. Usirudi nyumbani kwa sababu tu ameacha kukohoa, kwani dalili za mapafu huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Mtoto huyu alilazwa siku mbili chini ya uangalizi, akarudi salama.

Kinachouma zaidi ni kwamba thina ile haikuhitajika hata kidogo. Plastiki nyingi za urembo kwenye magari ni za aina ya ABS, na thina au asetoni huila: uso hulainika, hunata, kisha hupasuka. Mafundi wa gereji bubu huizoea kwa sababu wanafanya kazi na bati. Kwa plastiki, kazi huanza na maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani wa kusugua pembe. Mafuta yaliyoganda hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, baada ya kujaribu kwanza upande wa nyuma usioonekana. Spiriti nayo ni sumu ikinywewa, hivyo ifungiwe.

Weusi uliopauka ni kazi ya jua. Wengi hupaka Kiwi au oili chafu. Hung'aa siku chache, mvua ikinyesha vinaondoka. Oili chafu, zaidi ya hayo, si kitu cha kumpa mtoto ashike. Afadhali shoo ipigwe msasa wa maji, namba 400 kisha 800, ikauke, ipakwe praima ya plastiki, ndipo ije rangi nyeusi kwa tabaka nyembamba nyembamba. Msasa uwe na maji muda wote, maana vumbi kavu huingia kifuani. Na kama kuna rangi ya zamani juu yake, huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua.

Simba ana mambo yake. Kromu ya baadhi ya nembo za plastiki si kromu, bali ni utando mwembamba wa alumini uliofunikwa na vanishi. Mabaki ya utando huo huweza kutolewa kwa kuloweka nembo kwenye Jik, nje ya nyumba na kwa glovu. Jik isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini. Baada ya hapo hupakwa rangi nyeusi inayong'aa, kisha rangi ya kromu juu yake. Bila weusi huo chini, simba atatoka wa kijivu.

Kupuliza ndiko kunakodharauliwa. Mvuke wa rangi ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, usawa wa pua ya mtoto anayetambaa. Barakoa ya kitambaa haiuzuii. Inatakiwa ile yenye vichujio vya kaboni. Rangi za kuchanganya na hadina zina isosayaneti, zinazoweza kumpa mtu pumu, na hizo ziachwe kwa fundi mwenye chumba na vifaa. Kwa shoo moja ya gari, kopo la kawaida la kupuliza linatosha, uwanjani, upepo ukielekea mbali na madirisha. Kijana wa miaka 13 anaweza kuosha na kupiga msasa. Kupuliza afanye mtu mzima.

Ndivyo walivyomalizia Tanga, wiki mbili baadaye. Baba alipuliza, kijana akasimama barazani na mdogo wake mgongoni. Simba ana doa la kijivu karibu na mkia; kijana amekataa lirudiwe. Thina iliyobaki imerudi kwenye kopo lake lenye lebo, ndani ya buti la Peugeot, na ufunguo anao bibi.