Kabla ya Kuomba Mabati: Namna ya Kupanga Mradi wa Kutengeneza Jengo la Wote



Mvua za Septemba zinapoanza huku Kivu, kila chama hukumbuka paa lake. Ukumbi wa kikundi cha wamama unavuja. Darasa ambamo familia zililala wakati wa kukimbia limebaki bila milango wala madawati. Watu husema, "Tuandike barua, tuombe mabati." Barua inaandikwa siku moja, inapelekwa kwa shirika, na mara nyingi hairudi na jibu. Wakati mwingine jibu linakuja na mabati yanafika, lakini yanaleta ugomvi ambao haukuwapo paa lilipokuwa linavuja.

Makala hii inaeleza namna ya kuomba ruzuku kwa ajili ya jengo la chama au la kijiji, na kwa nini mpango unaofanywa kabla ya kuomba una uzito kuliko barua yenyewe. Ni katika kupanga ndipo watu wanapopatana au kukosana.

RUZUKU NI NINI, NA HUPEWA NANI?

Ruzuku ni fedha ambazo chama hupewa kwa kazi iliyotajwa, nacho hakizirudishi. Si mkopo, kwa sababu hailipwi. Si kama msaada wa chakula pia, kwa sababu chakula hupewa familia, lakini ruzuku hupewa chama, na chama lazima kioneshe kwa risiti kila dola imekwenda wapi.

Kwa hiyo mfadhili atauliza kwanza: ninyi ni nani? Katika Kongo, vyama visivyotafuta faida vinaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria hiyo inataka chama kiwe na watu wasiopungua saba na kanuni zilizoandikwa. Haki kamili ya kutambuliwa kama chama hutolewa na Waziri wa Sheria, baada ya maoni mema ya wizara inayohusika na kazi ya chama hicho.

Vikundi vingi vya waliohama makwao havina karatasi hizo. Msikate tamaa. Vinaweza kuomba pamoja na chama kingine chenye karatasi, kama vile parokia, ushirika wa wakulima au shirika la hapo mahali. Lakini andikeni mapatano: nani anashika fedha, nani anatia sahihi, na nani anaamua iwapo bei zimepanda. Kikundi kisichoandika mapatano haya hujikuta kinaomba ruhusa ya kutumia fedha zilizotolewa kwa jina lake.

JENGO NI LA NANI?

Hili ndilo swali ambalo watu huliogopa, nalo ndilo la kwanza kulijibu. Nyumba ikishapendeza, mwenye nyumba hukumbuka kwamba ni yake. Ikiwa mmetengeneza paa, mmetia sementi chini na kupaka rangi, kisha mwenye parseli akasema, "Asanteni, sasa naomba mtoke," ni nani atawasikiliza ikiwa hamna karatasi?

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa cheti cha kuandikishwa. Lakini vijijini watu wengi hukaa kwa desturi, kwa neno la shefu au la mwami, bila cheti chochote. Kwa hiyo mara nyingi kuna wenyewe wawili au watatu: anayeshika karatasi, anayeshika desturi, na anayekaa humo.

Shule pia zina mambo yake. Shule nyingi za msingi zinaendeshwa na makanisa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi na Serikali tarehe 26 Februari 1977. Mwalimu mkuu peke yake hawezi kukubali kwamba ukuta uvunjwe au chumba kiongezwe. Tafuteni barua ya kanisa linaloendesha shule, pamoja na ile ya kiongozi wa elimu wa mahali hapo.

Ikiwa jengo ni la mtu binafsi, fanyeni mapatano kabla ya msumari wa kwanza kupigwa. Yaandike mambo manne: kazi itakayofanywa, miaka ambayo kikundi kitatumia nyumba bila kufukuzwa, kodi ambayo haitapandishwa katika miaka hiyo, na kile kitakachobaki kwa mwenye nyumba mwishoni. Mwenye nyumba atie sahihi, na mke wake pia. Shefu na mashahidi watie sahihi. Kila upande ubaki na nakala yake.

WENYEJI NA WAGENI WAKAE PAMOJA

Waliohama na waliowapokea hawaoni jengo kwa macho yale yale. Kwa familia iliyokimbia, darasa lilikuwa mahali pa kulala usiku wa kwanza. Kwa mwenyeji, ni mahali ambapo mtoto wake alikosa masomo, na madawati yake yaligeuka kuni. Wote wawili wanasema kweli. Tangu masomo ya shule za msingi za Serikali yalipotangazwa kuwa bure mwaka wa 2019, watoto wameongezeka madarasani, na nafasi ni kidogo zaidi. Mradi unaotengeneza choo cha wakimbizi na kuacha darasa la wenyeji bila mlango utaongeza manung'uniko tu.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka wa 1998, zinasema katika kanuni ya 28 kwamba waliohama washirikishwe kikamilifu katika kupanga na kusimamia kurudi kwao, au kukaa kwao mahali pengine. Ni haki yenu kuwapo mezani. Lakini ukiwa mgeni katika kijiji cha watu, haki hiyo unaitumia vizuri zaidi ukimkaribisha mwenyeji kwenye meza hiyo hiyo.

Fanyeni mikutano mitatu kabla ya kuandika. Wa kwanza, wamama peke yao, kwa sababu mambo ya vyoo, taa na kufuli hayasemwi vizuri mbele ya wanaume. Wa pili, vijana na walemavu. Wa tatu, watu wote, wenyeji na wageni, na hapo yasomwe kwa sauti yale yaliyosemwa katika mikutano miwili ya kwanza. Ulizeni swali moja: jengo hili likitengenezwa, nani atalitumia Jumatatu, na nani Jumanne? Ikiwa hamwezi kulijibu bila kugombana, mradi haujaiva.

RUZUKU YA KUPANGA NA RUZUKU YA KUJENGA

Viongozi wengi hawajui kwamba wafadhili wengine hutoa ruzuku mara mbili. Ya kwanza ni ndogo, ya kupanga tu: kumlipa fundi aje apime, kuchora, kukusanya bei, kutafuta karatasi za parseli. Ya pili ni kubwa, ya kujenga. Msione aibu kuomba ile ndogo kwanza. Mfadhili anayeona kwamba dola chache zimetumika vizuri na risiti zipo, hukubali kwa urahisi kutoa nyingi.

Kazi ya kupanga inamalizika mkiwa na vitu vitano: mchoro, makadirio ya gharama ambayo mafundi wetu huita devi, bei kutoka kwa wauzaji watatu, mapatano ya jengo, na orodha ya watakaolitunza.

MFANO WA HESABU

Tuseme chama kinataka kubadilisha paa la ukumbi. Bei hizi ni za mfano tu. Ninyi tafuteni za soko lenu.

Mabati 80, kila moja dola 12: dola 960.
Mbao: dola 300.
Misumari: dola 60.
Sementi mifuko 20, kila mmoja dola 14: dola 280.
Usafiri: dola 250.
Mafundi: dola 400.
Jumla: dola 2,250.
Akiba ya bei kupanda, sehemu moja ya kumi: dola 225.
Jumla kuu: dola 2,475.

Angalieni vizuri. Chama kilichoandika vifaa peke yake kingeomba dola 1,600. Vifaa vingenunuliwa, kisha vingebaki mjini kwa kukosa dola 250 za gari, au vingefika na kulala kwa kukosa mafundi. Bati lililolala nje ni jaribu kwa kila apitaye. Watu wangeanza kusema kwamba kiongozi amekula fedha, na kumbe hakula. Alikosea hesabu tu. Hesabu mbaya huvunja imani ya watu kama wizi unavyoivunja.

Andikeni pia mchango wenu: mchanga, mawe, maji, siku za kazi za mikono. Utieni bei. Mchango huo unamwonesha mfadhili kwamba kazi ni yenu. Lakini msimlazimishe mjane au mtu asiye na chakula kubeba mawe bure ili kiongozi aandike kwamba watu wote wamechangia.

KUCHAGUA MAJIRA

Kazi ya paa na matofali hufanywa wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, kabla mvua hazijaanza na kabla watoto hawajarudi shuleni mwezi wa Septemba. Basi hesabuni kurudi nyuma. Ikiwa fundi ataanza Juni, vifaa vinunuliwe Mei, maombi yapelekwe miezi kadhaa kabla, na mikutano ya kijiji ifanyike mapema zaidi. Anayekumbuka paa siku linapovuja amechelewa mwaka mzima.

TUKIHAMA TENA JE?

Swali hili linauma, lakini lazima liwemo katika mpango. Mnamo Februari 2025 kambi nyingi za kandokando ya Goma zilivunjwa, na watu waliondoka ndani ya siku chache. Kilichojengwa kwa jasho la wengi hakikubebeka.

Kwa hiyo gawanyeni vitu vya mradi katika orodha mbili. Ya kwanza ni vile vinavyobaki: kuta, sementi, visima, vyoo. Ya pili ni vile vinavyoweza kusafiri: viti, mahema, vyerehani, vifaa vya kazi, na vitabu vya hesabu vya chama. Semeni tangu mwanzo kila kitu kitabaki kwa nani au kitakwenda na nani. Mkifanya hivyo, siku ya kuondoka mwenyeji hatawadai viti, nanyi hamtang'oa mabati yake usiku.

FUNDISHO LA TUUNGANE

Tangu 2007 mradi mkubwa ulioitwa Tuungane ulifanya kazi mashariki mwa nchi yetu, chini ya shirika la International Rescue Committee na kwa fedha za Serikali ya Uingereza. Vijiji vilichagua kamati zao kwa kura, vikachagua mradi, vikapewa ruzuku. Shule nyingi zilitengenezwa kwa njia hiyo. Katika nusu ya maeneo, kanuni ilitaka kamati iwe na wanawake na wanaume kwa hesabu sawa.

Baadaye watafiti walitaka kujua kama njia hiyo ilibadilisha namna watu wanavyoongozana. Walipeleka dola 1,000 katika mamia ya vijiji, vile vilivyokuwa na Tuungane na vile visivyokuwa nayo, wakatazama kila kijiji kinavyoamua na kinavyotoa hesabu. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2012: majengo yalikuwepo na watu waliyafurahia, lakini hawakuona tofauti ya kweli katika namna ya kuongoza. Hata viti vya wanawake katika kamati, peke yake, havikubadilisha mawazo ya watu juu yao.

Habari hii isituvunje moyo, lakini ituondolee ndoto. Jengo jipya halileti amani kwa sababu tu ni jipya, na kamati haiwi ya haki kwa sababu tu ilipigiwa kura siku moja. Yanayoweza kubadilika ni mazoea: kusoma hesabu mbele ya watu kila mwezi, kumpa mama wa kamati ufunguo na si kiti tu, kumsikiliza mgeni kabla ya kumjibu. Mambo hayo hayanunuliwi kwa ruzuku. Lakini ruzuku hutupa nafasi ya kuyazoeza, na nafasi hiyo inaanza siku ya mkutano wa kwanza, kabla fedha hazijafika.

FUNDI AKISHAONDOKA

Wekeni watu watatu wa kutunza jengo: mwenyeji mmoja, mkimbizi mmoja, na mmoja anayekubaliwa na wote wawili. Wawe na daftari. Kila anayetumia ukumbi kwa arusi au mkutano atoe kitu kidogo, kiandikwe, kinunue misumari na kufuli. Bandikeni mlangoni karatasi inayosema fedha zilizopokelewa, zilizotumika na zilizobaki. Hata asiyejua kusoma atamwomba mtoto wake amsomee, na mtoto atasoma kwa sauti.

Ndugu zetu, msianze na barua. Wiki hii mwendeeni mwenye jengo, keti naye, mwulize: "Tukilitengeneza, tutalitumia pamoja namna gani?" Jibu lake liandikeni. Huo ndio ukurasa wa kwanza wa mradi wenu.