Digrii Moja Tu: Hii Ndio Siri ya Maji ya Chini Inayoua Samaki wa Keji Ziwa Victoria

Jioni keji iko fiti. Ngege wanaruka ukiwarushia chakula, wewe unapiga hesabu ya doo kichwani. Asubuhi unafika na boti unakuta wote wanaelea, tumbo juu, na harufu imeshaanza.

Mwishoni mwa 2022 hii kitu iliwapata wafugaji wengi upande wetu wa Ziwa Victoria. Na kila ikitokea, stori ya kwanza huwa sumu. Mtu ametia dawa, kampuni imemwaga taka, jirani ana wivu. Saa zingine ni kweli. Lakini wataalamu walipopima maji mwaka huo, walirudi na jibu la kawaida kabisa: samaki walikosa oksijeni.

Sasa swali la maana ndio hili: oksijeni ilienda wapi usiku mmoja? Jibu liko chini ya maji, na ili ulione lazima ujue maji ya chini yana joto gani. Si ya juu pale unapoogelea Mbita ukipiga selfie. Ya chini kabisa.

Najua ukiwa Ntimaru unaweza sema ziwa si shida yako. Huku kwetu ni milima, mahindi, tumbaku na mpaka wa Tanzania hapo karibu. Ukitaka kuona ziwa lazima ushuke Kehancha, Isebania, Migori, halafu bado uendelee hadi Muhuru ama Sori. Lakini samaki anafika soko ya Ntimaru, na siku hizi ganji ya Ntimaru pia inaanza kushuka ziwani. Kuna mbogi ya wasee nawajua, chama ya boda, walikuwa wanataka kuweka akiba yao yote kwa keji za Homa Bay. Waliniuliza kama ni fiti. Ndio nikaanza kusoma hii maneno. Mimi niliacha koleji kitambo, so usitarajie lugha ya profesa.

Anza na kitu kinakaa rahisi. Unapimaje joto la maji mita 60 chini? Utasema funga themomita kwa kamba, teremsha, ngoja, vuta. Shida ni kwamba ukivuta, themomita inapita kwa maji yote ya juu ikija. Ikifika mkononi mwako imeshasahau ya chini. Inakusomea maji ya juu na hewa ya kwa boti.

Wasee walisumbuka na hii kitu miaka mingi. Meli ya Uingereza inaitwa Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, hadi ikafika kwa barafu za Antaktika. Ilibeba themomita zenye alama ndani: alama inasukumwa hadi joto la chini zaidi iliyokutana nalo, inabaki hapo hata ukivuta juu. Akili kubwa. Mahali kwingi bahari ni moto juu na baridi chini, kwa hivyo ile baridi zaidi lazima ni ya huko chini, si ndio?

Antaktika ikaharibu hiyo hesabu. Kule maji ya juu ndio baridi, karibu digrii 1.8 chini ya sifuri, hapo ndio maji ya chumvi huanza kuganda. Ukishuka zaidi unakutana na maji yenye joto kiasi, juu kidogo ya sifuri. Yanakaa chini kwa sababu yana chumvi nyingi, hiyo inayafanya mazito. So themomita inashuka, inagonga baridi ya juu kwanza, alama inakwama hapo, na ikipita kwa maji ya chini haiandiki kitu. Unavuta, unasoma, unadanganywa.

Suluhisho lilitoka kwa mafundi wa London, Negretti na Zambra, 1874. Walitengeneza themomita ya zebaki inayopinduka. Unateremsha hadi pale unataka, unangoja dakika kadhaa, halafu inapinduliwa juu chini. Ikipinduka, uzi wa zebaki unakatika mahali palepale na kipimo kinafungwa. Vuta sasa, pitisha kwa maji moto ama baridi, haibadiliki. Hii kitu ya kioo ilitumika kwa meli za utafiti karibu miaka 100. Maze, simu yako haitafika hata mitano.

Leo meli za barafu kama Polarstern ya Ujerumani zinashusha chombo kinaitwa CTD. Kinaning'inia kwa waya ya chuma kwenye winchi, na kinapima vitu vitatu kikiendelea kushuka: joto, chumvi na kina. Chumvi kinaijua kwa kupitisha umeme, juu maji ya chumvi yanabeba umeme vizuri kuliko maji matamu. Kina kinakijua kwa presha. Kila mita 10 ukishuka, presha inaongezeka karibu sawa na uzito wote wa hewa iliyo juu ya kichwa chako hapa nchi kavu. Mita 1,000, zidisha mara 100. Data inapanda na waya hadi kwa kompyuta, wasee ndani ya meli wanaona mstari ukichoreka laivu. Pembeni kuna chupa kubwa zimepangwa kama duara, unazifunga moja moja kwa kina tofauti ili uvute maji yenyewe.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu yale maji yenye joto kiasi ndio yanakula barafu ya Antaktika kutoka chini. Satelaiti inaona uso wa maji peke yake. Ya chini lazima mtu aende na waya.

Na usidhani hii ni mambo ya pengwini peke yake. Kenya iko na taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI. Kwa Bahari Hindi wanatumia meli inaitwa RV Mtafiti, iliyokuwa ya Ubelgiji, ikiitwa Zeeleeuw, kabla ya kuletwa Mombasa. Kwa ziwa kuna RV Uvumbuzi, ya Kisumu. Kazi ni ileile, tofauti ni kwamba ziwa letu halihitaji waya ndefu. Sehemu ya chini zaidi ya Ziwa Victoria ni kama mita 80, na wastani ni mita 40 tu. Ni kubwa kwa upana, karibu kilomita mraba 69,000, lakini ni kama sinia.

Kupima hili ziwa si jambo la jana. 1927 na 1928, Michael Graham na E. B. Worthington walifanya utafiti wa samaki wa ziwa lote, na Worthington akaandika vipimo vya joto la maji. 1960 na 1961 J. F. Talling akapima upande wa Uganda, tena na tena, mwezi baada ya mwezi. Hapo ndio picha ikaonekana vizuri.

Cheki hii sasa. Maji ya juu ya ziwa huwa kati ya digrii 24 na 27 hivi. Ya chini yanazunguka hapo 24. Tofauti mara nyingi ni digrii moja, mbili ikizidi. Ukitia mkono hautasikia chochote. Na hiyo digrii moja inatosha kugawanya ziwa kuwa maziwa mawili, moja limelala juu ya lingine.

Inatoshaje? Hapa ndio fizikia inakuwa tamu. Maji yakipata joto yanakuwa mepesi, hiyo unajua. Lakini hayapungui uzito kwa kiwango kimoja. Maji ya baridi sana, kutoka digrii 4 hadi 5, uzito unabadilika kidogo sana, mita moja ya mraba kwenda juu mita moja inapoteza kama gramu 8. Kutoka digrii 24 hadi 25, maji kiasi hicho hicho yanapoteza kama gramu 250. Mara 30! So digrii moja kwa ziwa la ikweta ina nguvu ya kutenganisha maji kuliko digrii moja kwa ziwa la Ulaya wakati wa baridi.

Kama unataka mfano wa nyumbani, fikiria tangi nyeusi ya maji kwa jua la mchana. Fungua mfuniko, weka mkono juu: moto. Fungua mfereji wa chini: baridi. Hakuna ukuta katikati, lakini hayachanganyiki mpaka mtu ayakoroge.

Oksijeni inaingia ziwani kutoka juu, kwa hewa na kwa mimea midogo inayopata jua. Maji ya chini hayapati hiyo. Na huko chini ndio takataka zote zinaangukia: mwani uliokufa, kinyesi cha samaki, chakula cha keji kilichobaki. Vikioza vinatumia oksijeni, na haiji ingine kujaza pengo. Miezi inapita, ya chini inabaki maji mfu. Watafiti waliorudi miaka ya 1990 walikuta maji ya chini yamepata joto kidogo kuliko wakati wa Talling, na sehemu iliyokosa oksijeni imeongezeka sana.

Hapa ndio Wakuria tunaingia kwa stori tupende tusipende. Mto Kuja na Mto Migori zinaungana na kumwaga ziwani huko Nyatike. Mvua ikiosha mashamba ya bonde hilo lote, udongo na mbolea zinashuka, mwani unanona, unakufa, unazama, unaoza. Si sisi peke yetu, maji taka ya miji yako ndani pia, lakini mbolea haipotei ati kwa sababu imevuka kaunti ndogo.

Nani hukoroga tangi? Upepo. Karibu Juni na Julai upepo mkavu kutoka kusini mashariki unapoza maji ya juu, yanakuwa mazito, yanazama, ziwa lote linachanganyika. Baadaye joto la juu linarudi, na mwanzoni mwa mwaka hadi kama Mei utengano unakuwa mkali zaidi. Ghuba ya Winam nayo ni ya kina kifupi, inaweza kujigawanya mchana kwa jua na kuchanganyika usiku ikipoa. Haitabiriki kirahisi kama maji makuu.

Balaa inakuja upepo ukivuma kwa nguvu upande mmoja. Maji ya juu yanasukumwa, yanarundikana huko ng'ambo, na yale ya chini yanapanda upande uliobaki wazi. Ni kama supu yenye mafuta juu: inamisha bakuli uone venye mafuta yanaenda upande mmoja na supu inajitokeza. Upepo ukiacha, yote yanarudi yakiyumba, huku na kule. Ukiwa mbuta huko nje unasikia pumzi inakosa, unahama. Ngege wa keji atahamia wapi? Amefungiwa kwa wavu wa mita mbili kwa mbili. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, ako kwa shida kubwa, na keji iliyojazwa sana inafika hapo haraka juu samaki wenyewe wanapumua ileile kidogo iliyobaki.

Ndio maana wale wasee wa chama sikuwaambia ndio wala hapana. Niliwaambia wakifika bichi waulize maji yana kina gani chini ya keji, si ndani ya keji. Wavu ukikaribia matope, uko karibu na ile maji mfu kila siku. Waulize pia nani anapima joto na oksijeni, saa ngapi, na kwa kina gani. Kuna vipima vya mkono vyenye waya, unateremsha kutoka kwa boti kama unavua, inakusomea mita kwa mita. Mtu akikuambia anapima saa sita mchana juu ya maji, hajapima kitu. Saa mbaya ni kabla jua litoke, juu usiku kucha mwani pia unapumua badala ya kutengeneza oksijeni. Na ukiona kipimo cha chini ghafla kimefanana na cha juu, joto moja kutoka juu hadi chini, jua ziwa limejikoroga. Hiyo siku usilishe. Samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni zaidi kusaga chakula.

Walienda. Mwenye keji aliwaonyesha faida kwa simu, picha za mavuno, hadi risiti. Wakauliza daftari ya vipimo, akasema hana lakini maji ni safi, wanaweza hata kunywa. Kina hakuwa anajua. Mmoja wao akafunga jiwe kwa kamba ya boda, ile ya kubebea mizigo, akaitupa kando ya wavu na kupima na mikono alipovuta: mita nne na kidogo, jiwe limejaa matope meusi yananuka mayai viza. Hiyo harufu ni ya mahali oksijeni iliisha zamani.

Doo bado iko kwa akaunti ya chama. Wanatafuta mtu wa keji za maji ya kina huko karibu na Mfangano, mwenye daftari.