Perege Katika Nchi ya Baridi: Namna ya Kuanzisha Bwawa la Samaki Njombe na Makambako

Chama cha msingi kinapofikiria kuanzisha bwawa la samaki, jambo linaloulizwa kwanza ni gharama ya kuchimba. Jambo lililo kubwa zaidi ni kama samaki watakaotiwa humo watakua. Bwawa ni mradi wa miaka mingi, na fedha inayotumika ni ya wanachama. Kwa hiyo ni wajibu wa kila kamati kuelewa kazi hii kabla jembe la kwanza halijapigwa.

Historia ya nchi yatoa fundisho. Majaribio ya kufuga perege katika mabwawa yalianza Tanganyika mwaka 1949, huko Korogwe mkoani Tanga na Malya mkoani Mwanza. Hadi kufikia mwaka 1968 yalihesabiwa mabwawa yapatayo 8,000. Hata hivyo, mengi hayakuleta mazao ya kuridhisha, kwa sababu ya utunzaji hafifu, ufundi usiofaa na ukame. Ni dhahiri basi kwamba wingi wa mabwawa si ushahidi wa wingi wa samaki.

Samaki mwenyewe

Perege ni wa jamii ambayo wataalamu huiita sikilidi. Jamii hiyo ndiyo yenye sato wa Ziwa Viktoria, na pia wale samaki wadogo wa rangi za kupendeza wa miamba ya Ziwa Nyasa, ambao husafirishwa hadi Ulaya na Marekani wakafugwe katika matangi ya vioo majumbani. Afugwaye ndani ya kioo na afugwaye bwawani wana mahitaji yaliyo sawa: maji ya joto la kutosha, hewa ndani ya maji, chakula kwa kiasi, na nafasi. Tofauti ni kwamba mwenye tangi huweza kupasha maji joto kwa umeme, bali mwenye bwawa hutegemea jua.

Tatizo la baridi

Mji wa Njombe uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,800, na Makambako kwa zaidi ya mita 1,600. Perege hustawi vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Likishuka chini ya nyuzi 20, ukuaji hupungua sana. Likikaribia nyuzi 16, samaki huacha kula. Na likishuka zaidi, hadi kufikia nyuzi 12 hivi, wengi huanza kufa. Kwa sababu hiyo mfugaji wa Njombe asijipangie kwa hesabu za mfugaji wa Kilombero au wa pwani.

Hata hivyo baridi yaweza kupunguzwa makali kwa kufuata mambo manne:

1. Bwawa lichimbwe mahali panapopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Kivuli cha mikaratusi au misindano huzuia joto, na majani yanayoanguka huharibu maji.

2. Maji ya chemchemi au ya kijito yasiachwe yapite bwawani mchana na usiku. Maji hayo ni ya baridi, na tena huchukua mbolea yote. Yaingizwe tu kwa kiasi cha kufidia yale yaliyopotea kwa jua na kwa kunywewa na udongo.

3. Kina kiwe sentimeta 80 upande wa kuingizia maji na sentimeta 120 upande wa kutolea. Maji yenye kina hayapoi upesi usiku, na samaki hupata pa kukimbilia.

4. Kalenda ifuate majira. Kuchimba kufanyike wakati wa kiangazi, vifaranga vipandikizwe mwezi Oktoba, na mavuno yafanyike mwezi Mei kabla ya baridi ya Juni na Julai. Katika miezi hiyo ya baridi samaki wasishikweshikwe ovyo, maana wakichubuka hupata ukungu kwenye ngozi na kufa.

Mahali na kuchimba

Mabonde ya vinyungu huvutia kwa sababu yana maji mwaka mzima. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka eneo la mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa ya asili kuwa la hifadhi. Tena matumizi ya maji yana vibali vyake, vinavyotolewa na bodi za mabonde chini ya sheria ya mwaka 2009. Kamati imwone afisa uvuvi wa wilaya na ofisi ya bonde kabla ya kuamua mahali.

Udongo unaofaa ni wa mfinyanzi. Chukua konzi ya udongo mbichi, uufinyange kuwa tonge, kisha ulirushe juu na kulidaka. Likibaki zima, udongo unashika maji. Likisambaratika, afadhali mahali pengine patafutwe.

Kwa kuanzia, bwawa la mita 20 kwa mita 10 latosha. Kingo zishindiliwe tabaka kwa tabaka, na mizizi yote iondolewe. Bomba la kuingizia na la kutolea maji yafungwe wavu mdogo, ili samaki wa porini wasiingie na wa bwawani wasitoroke.

Chokaa na mbolea

Udongo mwekundu wa nyanda za juu mara nyingi una tindikali, na mbolea haifanyi kazi vizuri katika maji ya namna hiyo. Bwawa likiwa bado kavu, nyunyiza chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, kisha subiri wiki 2. Maji yakiisha kuingia, tia samadi ya ng'ombe kilo 10 kwa wiki kwa kila mita 100 za mraba. Samadi huotesha vijimea vidogo sana, navyo ndivyo vinavyoyapa maji rangi ya kijani na kuwa chakula cha perege bila malipo.

Kipimo ni mkono wa mfugaji. Autumbukize wima hadi kwenye kiwiko: kiganja kikionekana waziwazi, mbolea haijatosha, kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, mbolea imezidi. Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, samadi isimamishwe na maji mapya yaingizwe mara moja.

Kupandikiza vifaranga

Bwawa la mita 200 za mraba lichukue vifaranga 400, yaani wawili kwa kila mita. Vyanzo vya kuaminika ni vituo vya serikali, kama vile Ruhila huko Songea na Kingolwira huko Morogoro, au wafugaji wanaotambuliwa na afisa uvuvi. Safari ifanywe usiku au alfajiri. Vifaranga vikifika, mfuko uwekwe juu ya maji ya bwawa bila kufunguliwa kwa dakika 20, kisha maji ya bwawa yaongezwe mfukoni kidogo kidogo, na mwisho samaki waachwe watoke wenyewe. Kuwamwaga ghafula ndani ya maji ya baridi ni kuwaua.

Uzazi uliozidi

Mabwawa mengi hushindwa kwa sababu perege huzaa mno. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni hadi waweze kujitegemea, kwa hiyo wengi huokoka. Baada ya miezi michache bwawa hujaa samaki wa ukubwa wa kidole, wote wakigombea chakula, na hakuna anayekua.

Dawa ya kwanza ni kufuga madume peke yao. Samaki akifikia gramu 30 hivi, ageuzwe tumbo juu: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Dawa ya pili ni kutia kambale mmoja kwa kila perege kumi ili ale vitoto. Kambale huyo awe mdogo kuliko perege siku anapotiwa. Mwaka 1960 mtaalamu C. F. Hickling alieleza matokeo ya Malacca, ambako majike wa perege wa Msumbiji walipandishwa na madume wa asili ya Unguja, na watoto wakawa madume watupu. Tangu hapo ufugaji wa madume peke yao umeenea duniani.

Chakula

Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, na majani laini ya kabichi au viazi vitamu hupatikana vijijini. Kiasi cha kutosha ni asilimia 4 ya uzito wa samaki wote kwa siku. Samaki 400 wa wastani wa gramu 50 wana uzito wa kilo 20, hivyo chakula chao ni gramu 800. Walishwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, maji yakiwa yamepata joto, na mahali pale pale kila siku. Siku za mawingu na baridi chakula kipunguzwe, kwa maana kisicholiwa huoza.

Tahadhari kuhusu Ziwa Nyasa

Mto Ruhuji, upitao mjini Njombe, huelekea Kilombero na hatimaye Rufiji. Mto Ruhuhu, kwa upande mwingine, humwaga maji yake Ziwa Nyasa, ziwa lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba sato, ambaye si wa asili huko, ameingia katika mito na mabwawa ya eneo la ziwa hilo. Sato huweza kuzaana na perege wa asili na kuipoteza mbegu yao. Katika Ziwa Viktoria, ambako alipandikizwa miaka ya 1950, ngege wa asili karibu atoweke. Kwa hiyo chama kilicho upande wa Ruhuhu kisichukue sato bila ushauri, na chama chochote kisimwage mabaki ya samaki mtoni.

Hesabu ya chama

Kila bwawa liwe na daftari la tarehe, idadi ya vifaranga, chakula, vifo na mauzo. Tuseme, kwa mfano, kati ya samaki 400 wamevunwa 340 wenye wastani wa gramu 150. Hizo ni kilo 51. Ikiwa gharama zote zilikuwa shilingi 255,000, basi kila kilo imegharimu shilingi 5,000, na bei ya sokoni ikiwa chini ya hapo chama kimepata hasara, hata kama wanachama wamefurahia kitoweo.

Faida ya ushirika ni kwamba vyama jirani vyaweza kuagiza vifaranga kwa safari moja, kununua wavu mmoja wa kuvulia na kuutumia kwa zamu, na kupanga siku za mavuno ili soko la Makambako lisipokee samaki wote wiki moja kisha likakaa tupu. Yafaa chama kianze na bwawa moja, na daftari lake lisomwe mbele ya mkutano mkuu baada ya mavuno ya kwanza, kabla ya kuamua kuchimba la pili.