Kifaransa Chapanda Garimoshi

Wazazi wengi wa Kolwezi hufurahi wamsikiapo mtoto akikariri Kifaransa kama maji. Lakini mwulizeni maana ya hayo asemayo; mara nyingi atainamisha kichwa. Hula, hucheza na kugombana kwa Kiswahili. Kifaransa kwake ni kitu cha ubaoni tu. Kisha, mwisho wa darasa la sita, mtihani wa taifa humjia kwa lugha hiyo hiyo ya ubaoni. Asiyeweza kuusoma, hata akijua hesabu, huenda masomo yake yakaishia hapo, na huku kwetu mashimo ya shaba na kobalti hayako mbali.

Sisi wenyewe tulifundishwa kwa woga. Aliyeteleza akatamka Kiswahili uwanjani alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake. Tulijifunza kunyamaza.

Basi siku hizi twaanza na ramani. Kidole cha mtoto chatoka kituo cha garimoshi cha Kolwezi, chapita Dilolo, chavuka Angola mpaka bandari ya Lobito, kwa njia ya reli iliyokamilika mwaka 1931. Njiani twaokota maneno: le train, le port, le bateau, le cuivre. Je, Lobito wanasema Kifaransa? La, Kireno. Twapanda meli mpaka Antwerpen, karibu na Hoboken, ambako zamani shaba ya Katanga ilisafishwa. Huko nako? Kiholanzi! Watoto hucheka sana wakisikia ya kwamba Ubelgiji yenyewe ina lugha tatu za serikali: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Aliyedhani kila Mzungu amezaliwa na Kifaransa kinywani hupata moyo wa kujaribu.

Kisha hesabu. Sabini, kwetu Kongo, na kwa Wabelgiji na Waswisi pia, ni septante. Mtu wa Paris husema soixante-dix, yaani sitini na kumi. Tisini yetu ni nonante. Yake ni quatre-vingt-dix, yaani ishirini mara nne na kumi. Kijana mmoja alituuliza ni nani akosaye. Hakuna akosaye, tulimjibu, ingawa twakiri kwamba ya kwetu ni nyepesi.

Somo wanalolipenda kupita yote ni la Agosti 1960. Sisi tulikuwa tumekwisha kupata uhuru tarehe 30 Juni. Wakafuata Dahomey, iitwayo leo Benin, tarehe 1 Agosti, Nijeri tarehe 3, Volta ya Juu, ndiyo Burkina Faso, tarehe 5, Kodivaa tarehe 7, Chadi 11, Afrika ya Kati 13, ndugu zetu wa Brazzaville 15, Gaboni 17. Watoto huzitaja kwa Kifaransa, mmoja mmoja, le premier août, le trois août. Msichana wa nyuma, asiyesema kamwe, alinyosha mkono: zote ni witiri, na ya 9 imerukwa! Alisema kwa Kifaransa kibovu. Hatukumsahihisha siku ile.

Haiti nayo hatuiachi. Ilijitwalia uhuru mwaka 1804, na baada ya 1960 walimu wengi wa huko walikuja kufundisha Kongo. Nyumbani kwao walisema Krioli, kama sisi tusemavyo Kiswahili.

Ninyi wazazi, jioni mwulizeni mtoto amefika nchi gani leo. Na ajibu kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Ramani si lazima. Shuleni petu moja hutumiwa na madarasa matatu, na mara nyingi Lualaba huchorwa kwa kijiti mchangani.