Kutuliza, Kuziba, Kufyonza: Uteuzi wa Vifaa vya Kupunguza Kelele Garini

Mteja anayeingia katika duka la vipuri jijini Nairobi akitaka kelele za gari lake zipungue aghalabu hutamka neno moja tu: saundiprufu. Muuzaji naye humpa alicho nacho, huenda ikawa karatasi nyeusi ya lami, huenda ikawa sponji. Neno ni moja, ilhali kazi zilizojificha chini yake ni tatu, na kifaa kinachoifaa kazi moja huenda kisizifae kabisa zile nyingine. Makala haya yanadhamiria kuzitenganisha kazi hizo kwa vitenzi ambavyo Kiswahili kinavyo tayari: kutuliza, kuziba na kufyonza.

Tuanze na kutuliza, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Mlango wa gari umeundwa kwa bati ambalo kwa kawaida halifikii unene wa milimita 1. Gari linapopita kwenye barabara ya changarawe, bodi husukwasukwa na bati hilo hulia mithili ya ngozi ya ngoma. Mpiga ngoma atakaye kuukata mlio haufuniki uso wa msikilizaji. Huweka kiganja juu ya ngozi. Kitulizi nacho hufanya vivyo hivyo. Kilicho bora ni utando wa mpira wa butili wenye unene wa milimita 2 hivi, uliofunikwa kwa karatasi ya alumini. Mpira huo, uliobuniwa nchini Marekani mwaka wa 1937 na wanakemia William Sparks na Robert Thomas, hunata na kunyumbuka kwa wakati mmoja. Bati linapotaka kupinda, alumini hukataa kunyumbuka nalo. Mpira uliobanwa baina ya metali hizo mbili huvutwa huku na huku, na nishati ya mtetemo hugeuka kuwa joto dogo lisilohisika. Kwa hivyo mnunuzi aulize unene wa alumini pia. Alumini nyepesi kama ile ya kufungia chakula haina ubavu wa kukataa chochote.

Fauka ya hayo, si lazima bati lote lifunikwe. Mtetemo huwa mkubwa katikati ya bati, mbali na kingo zilizoungwa, na kubandika robo ya eneo lake au zaidi kidogo huleta sehemu kubwa ya faida. Utando wa milimita 2 huwa na uzito wa takriban kilo 3 kwa kila mita mraba. Anayelifunika gari zima hununua uzito ambao injini italazimika kuubeba kila siku.

Mbadala wa bei nafuu ni ile lami inayotengenezewa mapaa ya majengo. Lami hulainika joto linapopanda na kukakamaa baridi inapozidi. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Mombasa au Garissa yaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na bati la paa nalo si haba. Lami iliyobandikwa darini hulegea ikaachana na bati, na harufu yake hubaki kuwa abiria wa kudumu. Viwanda vya magari hutumia lami iliyochanganywa mahususi kwa kazi hii na kuyeyushiwa sakafuni. Hiyo haina lawama, mradi ikae huko huko sakafuni.

Kuziba ni jambo jingine kabisa. Hapa adui ni sauti inayosafiri hewani: lori linalopita, upepo, mvumo wa magurudumu. Silaha yake ni uzito. Kinadharia, uzito wa kizuizi kwa kila mita mraba ukiongezwa maradufu, kelele inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali sikio huhisi kwamba kelele imepungua kwa nusu pale tu desibeli zipatazo 10 zinapoondoka. Kizibo kinachotumika zaidi ni shuka ya vinili nzito, yenye kilo 5 hivi kwa kila mita mraba, inayotandazwa juu ya povu laini ili isigusane na bati. Hata hivyo kizibo kina udhaifu mmoja mkubwa. Tundu lenye asilimia 1 tu ya eneo lake huzuia faida yote isivuke desibeli 20, hata kama kizibo chenyewe kingekuwa ukuta wa mawe.

Ndiyo maana mwandishi huyu huona ajabu mtu anaponunua vinili kabla ya kuzikagua raba za milango. Magari mengi yanayoingia Kenya yamekwisha kutumika miaka kadhaa Japani, na raba zake huwa zimesinyaa. Weka karatasi kwenye ukingo wa mlango, ufunge, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, upepo nao unapita, na raba mpya itakufaa kuliko shuka yoyote.

Kufyonza ni kuidaka sauti ambayo imekwisha kuingia na inarukaruka kati ya vioo na dari. Vifyonza huwa vya nyuzinyuzi au povu lenye vitundu vilivyounganika, ambamo hewa inayotikiswa husuguana na kuta hadi ichoke. (Nyuzi hizo zilizo chini ya zulia la gari mara nyingi hutokana na nguo kuukuu zilizosagwa, mitumba haiishii sokoni.) Unene ndio huamua kila kitu. Ili kifyonza kifanye kazi vizuri, hutakiwa kikaribie robo ya urefu wa wimbi. Sauti ya mitetemo 2,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 17, hivyo sentimita 4 zatosha. Mvumo wa mitetemo 100 kwa sekunde una wimbi la mita 3.4, na hakuna gari lenye nafasi ya kifyonza cha sentimita 85. Sponji, basi, itapunguza mluzi wa upepo lakini haitaugusa mngurumo.

Sponji ya godoro haifai hata kwa mluzi huo. Hunyonya maji, na ndani ya mlango maji ya mvua hupita kila mara yakielekea kwenye vitundu vya chini. Sponji iliyolowa huozesha bati kwa kutu. Isitoshe, huwaka upesi na moshi wake una sumu kali. Nchini Marekani, kanuni nambari 302 ya usalama wa magari hairuhusu vifaa vya ndani ya gari kuungua kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Mnunuzi aulize iwapo kifaa anachouziwa kimepimwa kwa kigezo cha namna hiyo, na mlangoni atumie povu ambalo vitundu vyake vimefungika.

Mwenye fedha kidogo aanze na raba, kisha atulize na kuziba sakafu pamoja na matao ya magurudumu, kwa kuwa gari la kawaida linapovuka kasi ya kilomita 50 kwa saa, kelele ya tairi aghalabu huishinda ya injini. Paa lije mwisho, isipokuwa kwa anayekerwa na mvua. Mvua inayopiga bati ni kazi ya kutuliza, na vipande vichache vya butili katikati ya paa hutosha kuikata.